Mashine ya kujazia risasi: nunua ile utakayoweza kuitibu

Jumamosi iliyopita, saa nne usiku, simu ikaita. Rafiki yangu aliye Dallas. "Kaka, mashine imegoma. Mpini unafika nusu, halafu unakataa kabisa."

Nikamuuliza, "Umelazimisha?"

Akanyamaza. Nikajua amelazimisha.

Nikamwambia aondoe mkono, avae miwani, kisha atoe maganda yote kwenye sahani, moja baada ya jingine, ayapange mezani kwa mfuatano wa vituo vyake. Ganda lililokuwa linapokea fataki mpya (maneno haya nitayaeleza chini kidogo) lilikuwa na alama za kijeshi kitakoni. Fataki ya zamani ilikuwa imetoka vizuri, ila mdomo wa tundu lake ulikuwa umefinywa kiwandani ili fataki isichomoke, na ile mpya haikuwa na pa kupita. Mashine yake ilikuwa nzima kama siku aliyoitoa kwenye boksi. Alikuwa ameshaanza kuitafutia mnunuzi.

Matangazo ya mashine hizi yote yanaimba wimbo mmoja: risasi mia kadhaa kwa saa. Hakuna tangazo linalokuambia ni dakika ngapi za saa hiyo utakuwa umeinama na alenki mkononi na tochi mdomoni. Mimi nazipanga kwa kigezo hicho. Mashine zote za mfululizo hukwama. Ninachotaka kujua ni inakwamaje, na je, mtu asiye fundi anaweza kuona ilipokwama?

Naandika kwa ajili ya Waswahili tulio huku Marekani, ambako kulenga shabaha ni mchezo wa wikendi na mtu anaruhusiwa na sheria ya serikali kuu kujaza risasi zake mwenyewe bila leseni. Kuziuza ni habari nyingine, hapo unahitaji leseni ya mtengenezaji. Kanuni za jimbo lako zisome kwanza. Ndugu zangu wa Tanzania na Kenya, ninyi someni kwa kujifurahisha tu. Huko risasi na baruti ziko chini ya leseni, na kujitengenezea nyumbani bila kibali kutakupeleka mahakamani.

Maneno kidogo kabla hatujaenda mbali. Risasi nzima ina vitu vinne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Fataki ni kile kikopo kidogo kinachopigwa na pini ya bunduki na kuwasha baruti (si yule mtu mzima wa kwenye matangazo ya redio aliyekuwa akiwarubuni wasichana, ingawa huyu naye ukimchezea analipuka). Kalibu ni vile vyuma vya duara vinavyofungwa juu ya mashine, kila kimoja na kazi yake: kurudisha ganda kwenye kipimo, kupanua mdomo, kukaza kichwa. Sahani ndiyo inayoyabeba maganda na kuyazungusha kutoka kituo hadi kituo. Mashine ya mfululizo hufanya kazi za vituo vyote kwa mvuto mmoja wa mpini, na kila mvuto unatoa risasi moja iliyokamilika. Raha yake iko hapo. Na kwa kuwa mambo manne yanatokea kwa wakati mmoja, moja likiharibika mkono wako hausikii ni lipi.

Ninayoiweka ya kwanza ni Dillon RL 550C. Ina vituo vinne, na sahani yake huizungushi kwa mpini, unaizungusha mwenyewe kwa kidole gumba. Watu huliona hilo kama upungufu. Kwangu ndilo linaloipa nafasi ya kwanza. Mashine isiyojizungusha haina kifaa cha kuzungushia, na kisichokuwepo hakiharibiki. Ikikwama, unasimama, unatoa pini ndogo ya shaba inayoshikilia ganda, unalichomoa ganda, unaliangalia, unalirudisha palepale. Vituo vingine havijaguswa.

Magonjwa yake ni mawili makubwa. La kwanza ni kitelezi cha fataki, kile kibamba kinachokwenda nyuma kuchukua fataki na kuileta chini ya ganda. Punje chache za baruti na masizi ya fataki zilizotumika vikiingia chini yake, kinarudi nusu njia na kukuletea mkono mtupu. Marehemu baba alikuwa fundi cherehani pale Tanga, na mteja akileta cherehani inayokata uzi hakuwa akigusa skrubu yoyote kabla hajatoa kibobini na kupuliza vumbi la pamba. Fanya hivyohivyo: brashi, kitambaa kikavu, angalia kama kijiti cha waya kinachokiendesha kimepinda, na usipake mafuta pale, maana mafuta na vumbi la baruti hufanya uji. Ugonjwa wa pili ni wa mtumiaji. Fataki ya 550 hukazwa unapousukuma mpini mbele mwishoni, baada ya kuupandisha. Mtu akichoka anasahau kusukuma, fataki inabaki imechomoza, na sahani inakwaruza na kugoma kuzunguka. Hapo ndipo watu hulazimisha, na ndipo hasa pasipotakiwa kulazimishwa. Fataki ikibanwa kwa nguvu isipostahili inaweza kuwaka, na juu yake kuna mrija wenye nyingine mia moja. Dillon wameuzungushia mrija huo bomba la chuma, na si pambo.

Hatari ya 550 naisema wazi. Kwa kuwa wewe ndiye unayezungusha, ukisahau kuzungusha na kuvuta tena, ganda lilelile linapata baruti mara mbili. Aina nyingi za baruti za bastola hutiwa kwa kipimo kidogo, kwa hiyo kipimo maradufu kinaweza kuenea ndani ya ganda la 9mm (kipimo cha kawaida cha risasi za bastola) bila kumwagika. Funga taa ndogo ya LED chini ya bamba la juu, na uchungulie kila ganda kabla hujaweka kichwa. Kila ganda, hata kama ni la mia nne.

Ya pili, na hapa najua nitapigiwa kelele, wala si ya mfululizo: Lee Classic Turret. Ganda linakaa mahali pamoja, kalibu nne ndizo zinazozunguka juu yake, unavuta mara nne kupata risasi moja. Mimi kwa mwendo wangu wa kawaida napata kati ya 150 na 200 kwa saa. Kama unapiga risasi mia mbili kwa mwezi, niambie, haraka ya nini? Ina kigia kidogo cha plastiki kinachozungusha bamba, ambacho huliwa ukigeuza mpini katikati ya safari. Bei yake ni ya soda, nunua viwili vya akiba siku unayonunua mashine. Na kwa kuwa ganda ni moja tu, ukisikia mkono mzito unajua ni ganda gani na kalibu gani. Anayeanza kabisa namtuma hapa, akikaa nayo mwaka mmoja mkono wake utakuwa umeshajifunza tofauti ya fataki iliyokaa na iliyobanwa.

Dillon XL750 naiweka ya tatu, si kwa ubaya. Ilitoka mwaka 2019 kuchukua nafasi ya XL650, ina vituo vitano na inajizungusha yenyewe. Kituo cha ziada kina thamani kubwa kwa sababu unaweza kufunga king'ora cha kupima urefu wa baruti, kinacholia ganda likiwa tupu au limejaa kupita kiasi. Anayepiga elfu moja na zaidi kwa mwezi, anayeshindana kila wikendi, hii ndiyo yake.

Lakini uijue tabia yake. Sahani inapofika kituoni hukamatwa na gololi ndogo inayosukumwa na springi kutoka chini, na kukamatwa kwenyewe ni kwa kishindo: tak! Ganda fupi la 9mm lililojaa baruti linaruka kidogo, punje zinamwagika juu ya sahani, zinashuka kwenye kitelezi cha fataki, na baada ya risasi mia mbili unalalamika kwamba mashine haileti fataki. Mgonjwa analalamikia kichwa, kumbe maradhi ni ya tumbo. Usianze na fataki, anza na sahani. Bolti ya katikati ikilegea, sahani inainama. Ikikazwa sana, haigeuki. Legeza kwanza kile kiskrubu kidogo kinachoifunga, ikaze bolti mpaka sahani igome, irudishe nyuma kidogo mpaka igeuke bila kucheza, kisha funga kiskrubu tena. Wengi husahau hatua hiyo ya mwisho na wiki ijayo wanarudi palepale. Bado ikimwaga, weka springi laini zaidi chini ya gololi, na upunguze papara ya mkono.

Ukiiongezea chombo cha umeme cha kulisha maganda, unaongeza pia ukoo mpya wa matatizo. Maganda ya kuokota uwanjani huja na wageni. Ganda la 9mm hujichomeka ndani ya la .40, ambalo ni pana zaidi, na kukaa kama kikombe ndani ya kikombe, na mpini unagonga ukuta. Mbaya zaidi ni la .380, ndugu yake mfupi. Kitako chake kinakaribiana na cha 9mm kiasi kwamba linapita vituo vyote bila kelele na kutoka upande wa pili likiwa risasi fupi, mbovu, yenye sura ya uzima. Chambua maganda kama unavyochambua mchele, kwenye sinia, chini ya mwanga.

Hornady Lock-N-Load AP inafuata. Ina vituo vitano, na sahani yake inazunguka nusu hatua mpini ukishuka na nusu nyingine ukipanda, kwa hiyo hakuna kishindo na baruti haimwagiki ovyo. Kalibu zake zinafungwa kwa bushi za kuzungusha kidogo tu, ukibadilisha aina ya risasi hutafuti spana. Naipenda kwa hayo. Kinachoishusha ni marekebisho. Chini ya sahani kuna meno mawili yanayoisukuma, kila moja na skrubu yake, na sahani isipofika kituoni sawasawa ni lazima ujue ni lipi kati ya mawili linalokosa. Chunguza mwendo upi unaopungua, wa kushuka au wa kupanda, kisha geuza skrubu ya upande huo kidogo mno, sehemu ya nane ya mzunguko, ujaribu tena bila baruti wala fataki. Maganda yanashikiliwa na springi moja ya duara iliyozunguka sahani, nayo ukiiweka vibaya hubanwa na kuharibika. Weka ya akiba kwenye droo.

Ya mwisho ni Lee Pro 1000. Ina vituo vitatu, inajizungusha, na bei yake iko chini ya nusu ya bei ya XL750. Fataki zake hushuka kwa uzito wake tu kwenye mfereji mwembamba, kwa hiyo zikibaki chache hakuna kinachozisukuma na moja inaweza kulala kiubavu au kukosa kufika. Maelekezo ni kuuweka mfereji umejaa wakati wote, na mfereji wenyewe uwe mkavu na msafi. Mtu mwenye subira, anayejaza aina moja tu ya risasi na anayefurahia kuchezea chuma Jumapili nzima, itamfaa. Mwenye hasira za karibu aipite.

Kuna na mashine za mitumba. Yangu ya kwanza niliinunua kwenye maonyesho ya bunduki, sitaitaja jina kwa sababu kosa lilikuwa langu. Nilikwama katikati ya mvuto, nikarudisha mpini, nikavuta tena, nikaendelea kama hakuna kilichotokea. Ganda moja likapita bila baruti. Wiki mbili baadaye, kwenye mashindano, badala ya "pa!" nikasikia "puf", na kidole changu kilikuwa tayari kinarudi kwenye kifyatulio. Mwamuzi akanisimamisha kwa sauti ambayo naisikia mpaka leo. Kichwa kilikuwa kimekwama katikati ya mtutu, risasi ya pili ingeupasua. Tangu siku ile mashine ikikwama natoa maganda yote, baruti narudisha koponi, naanza na sahani tupu. Mtumba ukiupata, vuta mpini bila kitu chochote mara ishirini huku umeshika sahani kwa vidole. Ikicheza juu na chini, acha. Ikisimama mahali tofauti kila mara, omba punguzo kubwa au uondoke.

Bajeti yako isiishie kwenye mashine. Weka fedha ya mzani, venia (kifaa cha kupimia urefu wa risasi), miwani, na pini tano za kutolea fataki. Maganda mengine ya nje, yale ya Berdan, yana vitundu viwili vidogo badala ya kimoja cha katikati, na pini ikiyakuta inavunjika.

Rafiki yangu wa Dallas alifuta tangazo lake la kuuza usiku uleule. Sasa ana ndoo mbili chini ya meza, moja imeandikwa KIRAIA na nyingine JESHI, na juzi amenitumia picha ya kifaa cha kupanulia tundu la fataki akiniuliza kama ndicho chenyewe. Ndicho.