Baiskeli ya kukodi Barbados: nirudishieni pesa yangu kwanza

Wenzangu wa kikundi cha baiskeli hawachoki kuniuliza. Wakiiona tu ile picha ya Bathsheba, kijiji cha pwani ya mashariki ya Barbados, kwenye simu yangu, swali ni lile lile: tukienda kisiwa kile cha Karibi mapumzikoni, tutenge na siku za kuendesha? Jibu langu la kwanza ni hapana. La pili ni ndiyo, ila msikodi. La tatu linategemea mmenikuta saa ngapi na nimekula nini, maana jambo lenyewe lilitokea mwanzoni mwa mwaka na mpaka leo nikilikumbuka damu inachemka.

Duka silitaji. Liko pwani ya magharibi, upande wa mahoteli ya wenye nazo, kioo kinang'aa, ukutani picha za wanamichezo wamekunja migongo. Kijana wa kaunta alinipokea kwa bashasha zote za mtu anayesubiri kulipwa. Nikamweleza njia yangu nzima, na ramani nikamfungulia: nakwenda kaskazini hadi Speightstown, nakata ndani hadi Cherry Tree Hill, nateremkia upande wa Atlantiki, nafuata pwani hadi Bathsheba, kisha napanda kurudi. Akasema, "Hakuna shida, bosi, mashine yake ndiyo hii." Akachukua dhamana ya dola 400 za Barbados, ambazo ni 200 za Marekani. Nikainua gurudumu la nyuma, nikalizungusha. Friwili, kile kifaa cha gurudumu la nyuma kinachoshika ukikanyaga na kuachia ukiacha, ikalia kikavu, krr krr, kama koo la mgonjwa. Nikamuuliza. "Zote zinalia hivyo." Mimi ni mtu wa Tanga. Baiskeli nimezijua kabla sijajua kusoma, na friwili nzima hailii hivyo. Lakini ndiyo pekee waliyokuwa nayo ya saizi yangu.

Haya, niwe mkweli, saa za mwanzo zilikuwa tamu kupita kiasi. Nilitoka saa kumi na moja na ushei alfajiri, na ndiyo saa wanayotoka waendeshaji wa huko wenyewe, wanarudi nyumbani kabla jua halijakaza na magari hayajajaa. Barabara ya magharibi ni tambarare, bahari inachungulia kati ya hoteli na hoteli, na upepo hauusikii kwa sababu unatoka mashariki na kisiwa kizima kinakukinga. Magari yanapita kushoto kama kwetu, kwa hiyo hakuna cha kujifunza upya. Honi zitakushtua mwanzoni. Mbili fupi ni salamu, usimtukane mtu bure.

Ukitoka Speightstown ndipo kisiwa kinapoanza kusema. Watu wanasoma kwamba Barbados ina urefu wa kilomita 34 tu, na kilele chake, Mount Hillaby, ni mita 340 hivi, wanacheka. Hasa mtu aliyezoea kupanda Lushoto atacheka. Asicheke. Vilima vya kule havipandi kwa kuzungukazunguka, vinapanda wima, vinakuteremsha, vinakupandisha tena. Karibu na Cherry Tree Hill barabara inaingia chini ya mimahogani mikubwa, kivuli tupu, halafu ghafla miti inakwisha na upande wote wa mashariki uko miguuni pako, mabonde, povu la Atlantiki, na huoni hoteli hata moja. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyopanga. Kama kijana yule angenipigia simu wakati ule kuniuliza maoni yangu, ningempa kila kitu.

Kuteremka kutoka pale kwenda Morgan Lewis, penye kinu cha upepo cha zamani cha kukamulia miwa, hapo shika breki zote mbili na usitazame mandhari. Sehemu kubwa ya kisiwa ni mawe ya matumbawe, kama pwani yetu, na barabara zinatulia juu yake. Lakini upande huu, wenyewe wanauita Scotland District, ardhi ni udongo wa mfinyanzi na mawe laini. Mvua ikinyesha inateleza, lami inapasuka, inawekwa kiraka, kiraka kinapasuka. Kwa matairi membamba ya mbio ni mtihani. Ukivuka hapo unaingia barabara ya pwani ya mashariki, iliyofunguliwa mwaka 1966, na pale tena ni raha: upepo unakupiga ubavu wa kushoto, mawimbi yanaanguka, ufuo wa Cattlewash hauna mtu kwa sababu mikondo yake si ya kuchezea. Nikafika Bathsheba, nikapiga picha yale mawe makubwa yaliyoliwa na bahari yakabaki kama uyoga. Picha ndiyo hiyo mnayoipenda.

Kisha Horse Hill. Mlima huo unaelekea magharibi, yaani kwa mara ya kwanza tangu alfajiri upepo ulikuwa mgongoni kwangu. Nikashusha gia mpaka ya mwisho, nikainuka kwenye kiti, nikakanyaga. Pedeli ikazunguka bure. Mnyororo upo mahali pake, gia ziko sawa, gurudumu halina habari. Nikashuka, nikazungusha kwa mkono. Friwili imekufa. Kavu, krr krr, kwaheri.

Nikapiga simu dukani.

"Uko wapi?"

"Horse Hill, juu kidogo ya Bathsheba."

Kimya. Halafu: "Kwa nini umeenda huko?"

Jamani. Mtu niliyemfungulia ramani! Nikamkumbusha. Akasema yeye hakumbuki, na kwamba wageni wao kwa kawaida huishia Speightstown, wanakunywa kahawa, wanarudi. Baiskeli hizi, akasema, ni za barabarani. Nikamuuliza hii ninayosimama juu yake ni nini, mto? Akasema hakuna haja ya kupandisha sauti. Sikuwa nimepandisha. Nilipandisha hapo. Hawana gari la kuniokoa siku hiyo, nitafute teksi, nilipe mwenyewe, "na tafadhali usiichubue rangi."

Usiichubue rangi! Naweza kusamehe friwili. Chuma ni chuma, kinakufa, na chumvi ya bahari kule haina huruma, wala grisi haidumu. Ila mtu kukuacha kwenye kilima juani, akili yake yote iko kwenye rangi ya kile alichokukodisha kikiwa kibovu, hilo silisamehe.

Nikaikokota hadi chini, kwenye duka moja la ramu. Haya maduka yako kila kona ya kisiwa, vijumba vya rangi kali, nusu duka nusu baraza. Wazee walikuwa wanabamiza dhumna kwa kelele zile zile za mtaani kwetu. Mama mwenye duka akaitazama baiskeli, akanitazama mimi, akanivutia kiti kabla sijasema neno. Akaniletea sahani ya cou-cou na samaki wa kuruka. Ni ugali, waheshimiwa, ugali ulioshindiliwa bamia humo humo. Nilikula kama mtu aliyetoka jela. Mzee mmoja wa dhumna alikuwa na pikapu. Alimaliza mchezo wake kwanza, hilo lazima nilisifu, kisha akanivusha kisiwa kizima hadi mlangoni pa duka. Nikatoa pesa, akakataa, akakubali bia. Njiani alikuwa ananionyesha njia nyingine za kuendesha siku nyingine, tulivu zaidi, kana kwamba hakuna lolote lililotokea. Mpaka tunafika nilishaamua: Barbados ni pa kwenda, na nitarudi.

Uamuzi huo ulidumu mpaka kaunta. Kijana akaikagua baiskeli kwa kurunzi, kurunzi mchana, akaandika kwenye karatasi "matumizi mabaya", akabaki na dhamana yote. Yote. Nikaomba meneja, meneja yuko kwenye mkutano. Nikasubiri, mkutano hauishi.

Kwa hiyo mkiniuliza nikiwa katika hali hii, nitawaambia hata barabara zenyewe hazifai. Ni nyembamba, pembeni hakuna pa kukimbilia, na miwa ikiwa haijakatwa huoni kilicho mbele ya kona. Zile ZR, vipanya vyao vyeupe vyenye mstari wa damu ya mzee, zinakimbia na muziki wake kama daladala iliyochelewa kugeuza, na zikisimama zinasimama hapo hapo zilipo. Saa tatu asubuhi Barabara kuu karibu na Bridgetown si mahali pa mtu mwenye watoto.

Sawa, nikinywa maji ninapoa. ZR hazikunigusa. Miwa haikunifanya chochote. Anayetoka London kuna ndege ya moja kwa moja, na kulipia boksi la baiskeli yako mwenyewe kunauma mara moja tu. Weka matairi mapana kidogo, milimita 28 au zaidi, na gia nyepesi kuliko unavyodhani unahitaji. Toka gizani na taa, rudi kabla ya saa mbili na nusu. Chukua namba ya mwenye pikapu yeyote. Ukifanya hivyo, nenda, wala usiniulize tena.

Ila ukiona duka lenye kioo kinang'aa na kijana anakuita bosi, zungusha gurudumu la nyuma. Likilia, ondoka.

Benki yangu nimeiandikia kudai zile dola. Wamejibu kwamba wanachunguza na wanasubiri maelezo ya upande wa pili, ambao mpaka leo, naona, bado wako kwenye mkutano.