Procion MX: rangi ya unga kwa wanaochanganya batiki, mshono na viraka

Rangi za Procion, ambazo kampuni ya ICI ya Uingereza iliziingiza sokoni mwaka 1956, zilikuwa za kwanza kuuzwa kwa ajili ya pamba zikiwa na uwezo wa kuungana kikemia na nyuzi zenyewe. Kwa sababu hiyo kitambaa hubaki laini na sindano hupita bila taabu, jambo ambalo rangi za kupaka za akriliki haziwezi kukuhakikishia.

Aliyezoea batiki za kostiki na haidrosi, zile kemikali kali za kuyeyushia rangi, atafurahia wepesi wa kazi. Kitambaa hulowekwa kwanza katika soda ashi, ile inayozalishwa Magadi nchini Kenya (si magadi ya kuivishia maharage), kisha hupakwa rangi bila kuchemshwa, na kwa hiyo nta haiyeyuki.

Uhondo wenyewe umo kwenye zambarau, ambayo ni rangi ya mchanganyiko. Ukiidondosha juu ya marekani iliyolowa, waridi hushika upesi pale ilipoangukia ilhali buluu huendelea kutambaa, na doa moja huwa na kingo mbili ambazo brashi isingeweza kuzichora. Nilipotanguliza mishono ya mkono kabla ya kutia rangi, uzi wa pamba ulikunywa rangi pamoja na kitambaa, lakini wa polista ulibaki mweupe, na mchoro ukajitokeza wenyewe.

Uji mzito wa muhogo, ambao Wayoruba wa Nigeria huutumia katika adire, vitambaa vyao vya kutiwa rangi kwa michoro, huizuia rangi vizuri ukikaushwa juu ya kitambaa. Hata hivyo, usiuchanganye na rangi ili kuifanya nzito, kwa kuwa rangi itaungana na wanga kabla ya kuifikia pamba, na sehemu kubwa itaondoka wakati wa kusuuza. Kazi hiyo ni ya alginati, unga utokanao na mwani.

Nyeusi sikuipenda: nayo ni mchanganyiko, na kwenye kitambaa chembamba huelekea kijivu. Kusuuza nako hula maji mengi mno, na rangi ikishachanganywa na soda hupoteza nguvu ndani ya saa chache. Unga wake ukivutwa puani unaweza kusababisha mzio wa mapafu, kwa hiyo barakoa ni ya lazima. Anayeanza anunue njano, waridi iliyokolea na feruzi katika vifungashio vidogo, na feruzi aiache ishike muda mrefu kuliko nyingine.