Wakili wa madai ya ajali: kazi anaijua, simu hapokei

Mdogo wangu alipogongana na gari akiendesha pikipiki, akavunjika muundi, watu wa bima walijibu kwa barua fupi: mwendesha pikipiki alikuwa akiovateki karibu na makutano, tena kofia hakuifunga mkanda, basi kosa ni lake. Wakili wa kwanza tuliyemwona akatushauri tupokee chochote kitakachotolewa.

Huyu wa pili, ambaye ndiye ninayeandika habari zake hapa, hakubisha. Kijana kaovateki pasipofaa, sawa. Kisha akaomba picha za gari, akaikuza moja hadi madigadi ya mbele. Palipobonyea ni karibu kabisa na taa, ilhali mlango wa nyuma haukuwa hata na mkwaruzo. Kwa hesabu yake, pikipiki ilikwishafika ubavuni dereva alipokata kona. Angetupia kioo jicho angeiona. Kesi yote akaijenga hapo.

Suala la kofia ndilo lililonifanya nimheshimu. Alisema kosa la kusababisha ajali ni moja, na kosa la kuzidisha majeraha ni lingine. Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1971 ilipunguza fidia ya asiyevaa kofia kwa asilimia 15, na baadaye ikapunguza asilimia 10 kwa aliyevaa bila kufunga mkanda. Ila hao waliumia kichwa. Kofia imeanza lini kulinda muundi?

Bima walitaka kumbebesha asilimia 60 ya kosa, tukamalizana kwa 30. Yaani katika kila mia anapata sabini. Mapema kabisa alituonya kwamba sheria ya mahali ajali ilipotokea ndiyo inayoamua: Maryland kule Marekani, kwa mfano, kosa dogo tu laweza kukunyima fidia yote.

Sasa malalamiko, maana nyota ya tano sitoi. Simu hapokei. Karani naye jibu lake ni lile lile, "faili liko kwa wakili." Ripoti ya daktari bingwa ilitozwa kando, na hatukuambiwa hadi ankara ilipofika. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: fedha zilipoingia hakuzikalia.

Ukimwendea, beba picha zilizopigwa kabla gari halijanyooshwa. Uliza pia kama ada yake inakokotolewa kabla au baada ya gharama kutolewa, na iandikwe. Karani atakuambia mkataba ni mmoja kwa wote. Mkazanie, wetu ulibadilishwa.