Seti ya kupimia viumbe wa sakafu ya bahari: fremu inafaa, tepu haifai

Kikundi chetu cha kusini mwa Unguja husaidiana na kamati ya wavuvi ya shehia kuhesabu majongoo bahari, viti vya pweza, kombe na viumbe wengine wasio na uti wa mgongo katika Ghuba ya Menai, iliyotangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1997. Kwa kazi hiyo tulinunua seti nzima ya vifaa kutoka duka moja la Dar es Salaam kwa shilingi 240,000. Ndani ya mfuko mlikuwa na fremu mbili za mraba, tepu ya mita 50, mbao mbili za plastiki za kuandikia majini, penseli, na fomu zilizochapishwa. Tumeitumia kwa bamvu nne, yaani vipindi vya maji kujaa na kupwa sana, na ninayaandika haya kwa ajili ya kamati nyingine za pwani zinazokusudia kununua.

Fremu ndiyo iliyoturidhisha zaidi. Ina sentimita 50 kila upande, imetengenezwa kwa bomba jeupe lile lile la mafundi bomba na elbo nne, na imepigwa nyuzi kila sentimita 10, hata ndani yake hupatikana vijumba 25 ambavyo kila kimoja ni asilimia 4 ya eneo lote. Faida yake huonekana pale wahesabuji wawili wanapobishana kama nyasi bahari zimefunika theluthi au nusu ya mchanga; badala ya kukisia kwa macho, huhesabu vijumba, na ubishi huisha. Kasoro yake ni kwamba haikutobolewa. Siku ya kwanza, maji yakiwa ya magotini, fremu iliinuka na kwenda zake mithili ya ngalawa iliyokatika nanga, nasi tukaifuata huku tukichekwa na watoto waliokuwa wakiokota kombe. Tuliitoboa kila upande kwa msumari uliochomwa moto ili maji yaingie ndani, na tangu hapo inatulia chini bila ya chubwi wala jiwe.

Mbao sina la kuzilalamikia. Uso wake una ukwaruzo wa kutosha kushika penseli hata ukiwa umelowa, na maandishi hufutika kwa kusugua mchanga mwembamba. Ninachoshauri ni kuupiga ubao picha kabla ya kuufuta, kwa sababu mwenzetu mmoja aliwahi kuisafisha kazi ya asubuhi nzima akidhani imekwisha nakiliwa.

Tepu ndiyo iliyotutia hasara. Utaratibu tunaoufuata ni wa kulaza mistari mitatu ya mita 50, ikiachana kwa mita 25, na kuweka fremu kila baada ya mita 5, yaani fremu 11 kwa mstari na 33 kwa eneo zima. Kisha tunarudi msimu mwingine na kupima pale pale. Kazi yote, kwa hiyo, imesimama juu ya tepu. Hii tuliyouziwa ni utepe wa plastiki laini ambao tarakimu zake zilianza kufutika katika bamvu la pili, na katika bamvu la tatu, tulipoilinganisha na tepu ya chuma ya fundi mwashi, tulikuta imevutika kwa takriban sentimita 60. Mtu anaweza kusema kuwa sentimita 60 katika mita 50 si kitu, na kwa kuhesabu majongoo katika ukanda wa mita 2 kweli si jambo kubwa. Lakini sentimita 60 ni zaidi ya upana wa fremu yenyewe: fremu ya mwisho ya mstari haigusi tena hata kidogo mahali ilipowekwa msimu uliopita, na mabadiliko tunayoyaandika huenda ni ya tepu, si ya bahari. Mkono wa kuzungushia nao ulishika kutu ukakwama. Duka lilikataa kubadilisha, likidai kuwa tepu haikutengenezwa kwa maji ya chumvi, ilhali liliiuza ndani ya mfuko ulioandikwa kuwa ni wa baharini.

Fomu nazo zina nafasi ya aina na idadi tu. Hazina mahali pa kuandika saa, hali ya maji, wala kama chini ni mchanga mtupu, nyasi au matumbawe yaliyokufa. Upungufu huu si mdogo kama unavyoonekana. Jongoo mchanga, aina mojawapo ya majongoo bahari, ambaye katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, amewekwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka, hujifukia mchangani kwa sehemu ya siku, na mhesabuji akipita wakati huo ataandika sifuri mahali ambapo wapo. Siku moja tulikwisha kuandika sifuri tatu mfululizo, hadi mama mmoja aliyezoea kuchokoa pweza tangu utotoni alipoinama juu ya fremu akatuonyesha tuta dogo la mchanga, dogo kuliko ngumi, akalifukua kwa vidole viwili. Jongoo alikuwa chini yake. Sasa tunachora safu zetu wenyewe kwa mkono, na majina tunaandika ya Kiswahili kwanza.

Kwa kamati yenye fedha kidogo, seti hii siipendekezi ikiwa nzima. Mbao zinunuliwe, fremu itengenezwe na fundi bomba wa mtaani, na fedha itakayobaki itumike kununua tepu ya nyuzi za kioo katika maduka ya vifaa vya wapima ardhi, kwani haivutiki kwa urahisi. Sisi tumekwisha kununua yetu, na mistari yote mitatu tutaipima upya katika bamvu lijalo. Utepe wa zamani ameuchukua jirani, na anafungia dema zake.