Nilivyomlipa fundi akague IST kabla sijatoa hela (Dodoma)

Fundi huyu kazi yake ni moja: unamwita, anafuata gari lilipo, analikagua, halafu anakwambia ununue au uachane nalo. Mimi alinitoza shilingi 40,000 na nauli ya bodaboda kutoka Kizota mpaka Ipagala kwa dalali. Wapo wanaoona hiyo hela ya kutupa kwa kuwa kila ukoo una mjomba fundi. Mjomba fundi anachomoa stiki ya oili, anapiga resi, basi.

Gari lilikuwa Toyota IST, namba D, kadi inasoma cc 1290. Dalali anaapa halijaguswa: "La mama mmoja wa wizarani, bosi, ofisini na nyumbani tu." Nililiendesha hadi Nanenane nikaona linavuta kuliko IST ya shemeji yangu yenye cc hizo hizo. Nikamweleza fundi hivyo hivyo.

Hakuliwasha kwanza. Alifungua boneti akatafuta kibati cha Toyota: modeli NCP60, injini 2NZ-FE. Namba ya fremu ikalingana na kadi. Wengi wanaishia hapo. Yeye akachukua tochi na kitambaa chenye mafuta ya taa, akaanza kusugua ubavu wa bloku karibu na inapoungana na gia boksi. Vumbi la Dodoma likikutana na oili linaganda kama saruji, kwa hiyo alisugua sana. Herufi zikatoka mojamoja, na mwanzo wake ukasomeka 1NZ. Akanivuta niinamie nione mwenyewe.

1NZ ndiyo ile ya cc 1490 inayokuja kwenye IST za modeli NCP61. Kwa nje huwezi kuzitofautisha kirahisi. Kipenyo cha silinda ni milimita 75 kwa zote mbili. Kinachotofautiana ni mwendo wa pistoni, 73.5 kwa 2NZ na 84.7 kwa 1NZ. Ukishajua injini imebadilishwa, mengine unayaona: bolti za maunti (vishikio vya injini) zina mikwaruzo ya spana, tepu mpya imezungushwa kwenye waya zilizochakaa. Mashine ya kompyuta haikuonyesha kosa lolote. Na usihangaike na tovuti za kukagua VIN (namba ya utambulisho wa gari), maana magari ya soko la Japani hayana VIN ya tarakimu 17, yana namba ya fremu. Hiyo inakueleza gari lilitoka kiwandani na injini gani, sio leo limebeba ipi.

Dalali alipoona mambo yanaharibika alimvuta fundi pembeni. Fundi akarudi akasema mbele yetu sote, "Ameniahidi ya soda nikae kimya." Hapo ndipo aliponinunua mimi.

Injini kubadilishwa sio dhambi; 1NZ nzima naipenda kuliko 2NZ inayokula oili. Kinachonikera ni kadi kusema kingine. Siku ya kukaguliwa au ya kuuza, wa kuulizwa injini imetoka wapi ni wewe. Nilimtaka mwenye gari arekebishe kwanza taarifa TRA. Bei alikubali kushusha, na kwa kiasi cha kutamanisha, ila la TRA akawa analikwepa. Tukaachana.

Sasa malalamiko. Tulikubaliana saa nne asubuhi, akafika saa nane, mimi nimeiva na jua. Hana kifaa cha kupima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), kwa hiyo afya ya injini anaipima kwa sikio na rangi ya moshi, na kwa 40,000 nilitegemea zaidi. Ripoti ya maandishi pia hatoi. Alinitumia sauti WhatsApp, nusu yake kelele za gereji, na picha ya ile namba nilipiga mwenyewe. Nyota nne kati ya tano. Nimeshampigia tena kwa ajili ya Toyota Raum moja iliyopo Chang'ombe, na nimemwambia karatasi kwanza, hela baadaye. Amecheka, lakini amekubali.