Acc au Inc: mfuko mmoja, vipande vya aina mbili

Kwenye orodha za mifuko ya uwekezaji ya Uingereza, jina moja hujirudia mara mbili: moja likiishia na Acc (accumulation, limbikizo), jingine na Inc (income, mapato). Mfuko ni uleule, hisa zilezile, meneja yuleyule, na kwa kawaida ada ileile. Kinachotofautiana ni njia ya gawio. Inc hukulipa taslimu. Acc hulibakiza ndani ya mfuko.

Chukua vipande 5,000 vya pauni 2 kila kimoja, yaani pauni 10,000, na gawio la peni 5 kwa kipande. Siku ya kukata gawio, yaani gawio linapoondolewa kwenye bei, soko likiwa limetulia, bei ya Inc hushuka hadi pauni 1.95, na pauni 250 husubiri kulipwa. Acc hubaki pauni 2. Jumlisha: wote wana pauni 10,000. Kwa hiyo anayenunua Inc siku moja kabla ili "awahi gawio" hapati chochote cha ziada, na nje ya akaunti isiyotozwa kodi anaweza kujiongezea usumbufu tu. Mwenye Acc naye asitafute vipande vipya: idadi ni 5,000 ileile, thamani ya kila kimoja ndiyo inayokua. Na usilinganishe aina hizi mbili kwa mchoro wa bei peke yake, maana Inc itaonekana imezembea kila mwaka.

Udhaifu wa Inc ni pesa kukaa bila kazi. Baada ya bei kukatwa, malipo huweza kuchukua wiki kadhaa kufika; yakifika hulala kwenye akaunti hadi utoe agizo. Madalali wengine hununua vipande vipya kwa niaba yako, ila angalia ada ya kila ununuzi na kiwango cha chini, la sivyo magawio madogo hurundikana tu.

Ndani ya ISA (akaunti ya akiba na uwekezaji ya Uingereza isiyotozwa kodi) au akaunti ya pensheni, kama huhitaji mapato ya matumizi, Acc inashinda bila ubishi. Nje ya hapo mambo hugeuka, na ndipo wengi huumia. HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, hulichukulia gawio lililobakizwa kana kwamba umelipwa mkononi. Benki hulioni, lakini linaingia kwenye hesabu ya msamaha wa gawio, yaani kiasi cha magawio kisichotozwa kodi, ambao tangu Aprili 2024 ni pauni 500 tu kwa mwaka. Mfuko ukiwa na zaidi ya asilimia 60 kwenye hatifungani na amana, malipo yake huhesabiwa kuwa riba, na msamaha huo hauyagusi kabisa.

Kosa la gharama zaidi huja siku ya kuuza. Umenunua Acc kwa pauni 10,000, magawio ya pauni 250 yamebakizwa kwa miaka 8, kisha umeuza kwa pauni 15,000. Faida ya mtaji si 5,000. Zile 2,000 za magawio huongezwa kwenye gharama ya ununuzi, faida inakuwa 3,000, na yote inaingia ndani ya msamaha wa mwaka wa faida ya mtaji, ambao ni pauni 3,000. Asiyetunza taarifa za kila mwaka anaweza kutozwa mara mbili kwa pesa ileile. Kuna na kipengele kidogo: gawio la kwanza huwa na sehemu ya usawazishaji, ambayo ni mtaji wako mwenyewe unaorudishwa. Haitozwi kodi ya mapato. Kwenye Inc ipunguze kwenye gharama, kwenye Acc usiiongeze.

Kwa sababu hiyo, nje ya ISA ningechagua Inc, hata kwa mtu asiyehitaji taslimu. Hesabu zake zinaonekana kwenye akaunti.

Ukitaka kuhama kutoka Acc kwenda Inc ndani ya mfuko uleule, mwombe dalali abadilishe aina ya vipande. Badiliko hilo kwa kawaida halihesabiwi kuwa mauzo. Kuuza na kununua upya ni mauzo kamili, na faida yake hupigiwa hesabu ya kodi mwaka huohuo.