Ngome za Wales Kaskazini: gari la kukodi au treni?

Mfalme Edward I wa Uingereza alianza kujenga Conwy, Harlech na Caernarfon mwaka 1283, kisha Beaumaris mwaka 1295. Ngome zote nne ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1986, na kila msimu wa likizo watu hubishana namna ya kuzifikia.

Kwa kufika, inategemea ngome yenyewe. Conwy treni inashinda bila ubishi: stesheni imo ndani ya kuta za mji wa kale. Harlech nayo stesheni iko chini kabisa ya mwamba. Ukishuka unainua shingo kuutazama ukuta, kisha unapanda kilima kikali. Caernarfon na Beaumaris, ukienda kwa treni, lazima uunganishe basi kutoka mji wa Bangor. Na ukitaka Dolbadarn, mnara wa wakuu wa Wales wenyewe juu ya ziwa la Llanberis (usiukose!), gari ni raha zaidi.

Gharama: mtu mmoja, treni. Wanne wakichangiana mafuta na kodi, gari huwa nafuu, ila kumbuka maegesho.

Usumbufu ndio watu huusahau. Barabara za mashambani ni nyembamba, kuta za mawe kila upande, na mara nyingine utarudi kinyumenyume kumpisha mwenzako. Mijini kikomo cha kawaida ni maili 20 kwa saa tangu Septemba 2023. Treni ya Harlech nayo haiji mara kwa mara. Ikikupita, unasubiri sana.

Mwenye watoto wadogo au wazee achukue gari. Anayesafiri peke yake na siku za kutosha, treni itamfaa.